ALBUM YA PORI ISIACHIWE MCHWA



Mwezi uliopita, siku ya salongo, sisi tuliotumwa kusafisha chumba cha biolojia tulikuta kitu juu ya kabati, nyuma ya makopo ya rangi na ramani iliyopasuka. Kilikuwa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, mgongo wake umeliwa na mchwa. Mmoja wetu alikwisha kukishika ili akipeleke shimoni pamoja na takataka, mara karatasi ikaanguka. Kumbe ni foto ya kiboko, kichwa tu nje ya maji, na chini yake maneno ya wino: Lualaba, asubuhi, siku, mwezi na mwaka. Hapo salongo ikasimama, na msimamizi akatukemea vizuri. Tunamwomba radhi hapa.

Hiyo ndiyo Album ya Pori. Wakubwa wetu walikuwa wakitusimulia habari zake na sisi tukafikiri ni hadithi tu za wazee wanaosifu zamani zao. Tulikaa nayo jioni mbili tukahesabu. Iko na foto 87. Nyingine zimeshikana juu ya unyevu, ukizivuta zinapasuka. Nyingine zimeota ukungu, nyama amebaki miguu tu. Lakini nyingi bado zinaonekana: mamba juu ya mchanga, kasuku kwenye mti wa mawese, kima mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, mvuvi wa Kigenya akiinua samaki mwenye ndevu, maua, uyoga, hata kichuguu kimoja kirefu kuliko mwanafunzi aliyesimama karibu. Foto ya mwisho yenye tarehe ni ya 1996. Kila mtu wa Maniema anajua kwa nini hakuna ya 1997.

Tunaandika leo kusema jambo moja. Album hii ifunguliwe upya, na ifunguliwe mwaka huu, mbele sisi wafinalisti hatujaondoka. Tena isifunguliwe vile ilivyokuwa siku za mwisho. Ifunguliwe vile ilivyokuwa siku za kwanza.

Tueleze maana ya neno hilo. Wengi wanasema vita ndivyo viliua Album. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka tulipogeuza kurasa polepole. Kwenye kurasa za mwanzo kila foto iko na jina la nyama kwa lugha mbili ao tatu, jina la mto ao kijiji, siku na saa, na nani alimwona wa kwanza. Ukifika katikati unakuta neno moja tu: "ndege". Ukiendelea, hakuna neno hata moja. Ni foto nzuri, tena zingine ni nzuri kuliko za mwanzo, lakini ni bubu. Foto 23 tu ndizo zenye maandiko kamili. Basi vita vilikuta Album ikiwa mgonjwa tangu miaka mingi. Aparei ilikuwapo, filimu ilitumwa mjini kusafishwa na ikarudi nyuma ya miezi. Kilichokosa ni mtu wa kukaa chini na kalamu.

Wala tusiwacheke wakubwa, maana sisi wenyewe tulifanya vibaya zaidi. Miaka miwili iliyopita, wakati wa vakansi, kundi letu lilijaribu kupiga foto za ndege wa mtoni kwa telefone. Tulipiga zaidi ya 60 na tulifurahi sana. Zote zilikuwa katika telefone moja, na hakuna aliyeandika kitu katika kaye. Wakati wa kuvuka, mtumbwi uliyumba, telefone ikatoka mfukoni. Foto zetu zimebaki na samaki wa Lualaba mpaka leo. Mwenye telefone alilia juu ya telefone. Sisi wengine tulikumbuka zile foto nyuma ya siku nyingi, na tulipotaka kuziandika kwa kichwa, kila mmoja alikuwa na ndege wake.

Wenzetu wanaotoka Kabambare wanaweza kutusaidia kufahamu jambo hili, kwa sababu kwao kulitokea habari inayofanana nalo. Zamani, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, msafiri David Livingstone alikaa Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre. Miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza kutembea. Alisafiri pamoja na misafara ya wafanya biashara ya pembe na watumwa, na hilo tusilifiche. Katika kukaa kwake aliandika mambo mengi ya nchi yetu: mvua, udongo, miti, na zaidi ya yote nyama mmoja aliyemwita "soko". Aliandika namna soko anavyotembea, anavyopigana na wawindaji, anavyobeba mtoto wake. Mbele ya kuondoka kwake alipewa soko mdogo wa kike, mama yake amekwisha kuuawa. Kila mara yule mtoto alinyosha mkono abebwe, sawa na mtoto wa mtu.

Sasa soko huyu ni nyama gani? Livingstone alifikiri ni namna ya gorila. Wataalam wengi waliosoma maneno yake nyuma wanasema hapana, ni sokwe. Mtu ameandika kurasa na kurasa, akamwona nyama kwa macho yake, na bado watu wanabishana. Foto moja tu ingalimaliza maneno.

Lakini iko sehemu ya pili ya habari hii, na hiyo ndiyo inatugusa zaidi. Karatasi zilimwishia. Alipokuwa Nyangwe, kule kwetu kwenye ukingo wa Lualaba katika territoire ya Kasongo, aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, The Standard la 24 Novemba 1869, akipitisha mistari yake juu ya mistari iliyochapwa. Wino pia uliisha, akatumia maji ya matunda ya pori. Mambo ya Machi hadi Agosti 1871 yako humo, pamoja na mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai. Wino ule ulififia. Karatasi zikalala Uingereza kule Scotland zaidi ya miaka 130, na sehemu kubwa hakuna aliyeweza kuisoma. Kisha, katika 2010 na 2011, wataalam walizipiga foto kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, na maneno yakatoka. Mnamo Novemba 2011 yakatangazwa watu wote wayasome.

Tukajiuliza: kama karatasi za gazeti zilizoandikwa kwa maji ya matunda zimeweza kusomwa tena, Album yetu itashindwa nini? Jibu ni kwamba karatasi zile zilikuwa na maneno ya kutafuta. Ukiipiga foto bubu kwa mianga yote ya dunia, haitakuambia ni mto gani.

Juu ya kabati, tuongeze neno, maana walimu walicheka tulipowaambia Album ilikuwa wapi. Mwaka wa 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu kule Avakubi, upande wa Ituri. Hakujua ni wa ndege gani. Aliuweka miaka 23. Mwaka wa 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kuwa tausi wachanga wa India. Wakawa ndio wenye unyoya ule. Ndivyo wataalam walivyomjua tausi wa Kongo, ambaye anaishi mpaka sasa katika mapori ya Maniema, kaskazini kwetu. Kibandiko chenye maneno ya uongo kilimficha ndege mzima miaka mingi. Basi walio na makabati wayaangalie.

Lakini mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa lesula. Nyama huyu ni kima wa pori kati ya mto Lomami na mto Tshuapa. Uso wake ni mrefu na hauna manyoya, na macho yake yanafanana sana na macho ya mtu. Mwaka wa 2007 kundi la watafiti lilifika Opala, katika Tshopo, likamkuta kima mdogo wa kike amefugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Walimpiga foto. Walipoonyesha foto hiyo, wataalam hawakumtambua. Kazi ikaendelea miaka mitano, na mnamo Septemba 2012 kima huyo akatangazwa kuwa wa aina mpya, Cercopithecus lomamiensis. Mwaka wa 2016 hifadhi kubwa ya Lomami, inayoshika Tshopo na Maniema, ikawa park ya taifa.

Angalieni vizuri, wandugu. "Aina mpya", mpya kwa nani? Wawindaji wa kule walimjua tangu zamani na walimwita lesula. Hata jina la dunia nzima leo ni hilo hilo lao. Kitu walichokosa si ujuzi. Walikosa foto, mahali na tarehe, vitu vitatu vikae pamoja katika karatasi moja. Tena nyama mwenyewe alikuwa nyumbani kwa mtu wa shule! Kila siku watoto walipita mbele yake wakienda kusoma.

Je, sisi tunapita mbele ya nini? Watafiti wanakwenda Lomami, wengine wanapanda milima ya Itombwe kule mashariki, ambako bundi mmoja mdogo alipatikana mwaka wa 1951, akapotea machoni pa wataalam miaka 45, mpaka mwaka wa 1996 mwenzake akashikwa katika wavu, akapigwa foto na kuachiliwa. Sisi wa Kasongo na Kabambare tuko katikati. Huku kwetu pori kubwa linakutana na nchi ya majani, na nyama wa pande zote mbili wanakutana vilevile. Na vitabu vyetu vya biolojia vinatuonyesha dubu wa barafuni.

Tunajua kuna wasiokubali. Tumewasikia bwenini na hata katika chumba cha walimu.

Wa kwanza wanasema foto ya nyama haijazi tumbo. Ni kweli. Hata sisi tunakula nyama wa pori nyumbani, tusijifanye malaika. Lakini swali letu ni jingine. Babu zetu wakitaja nyama na ndege wanataja majina mengi, kwa Kizimba, kwa Kibangubangu, kwa Kikusu, kwa Kibuyu. Sisi tukiulizwa tunajibu "nyama", "ndege", "samaki", kama ile Album katika miaka yake ya ugonjwa. Tulifanya jaribio. Tulichukua foto 20 zisizo na maandiko, tukazionyesha wanafunzi wa darasa letu. Aliyetambua wengi kuliko wote alitambua 6. Kisha tukazipeleka kwa mzee mmoja mvuvi, jirani na shule. Alitambua 17, na kwa kila mmoja akaeleza anakula nini, analala wapi, na mwaka gani aliacha kumwona. Huyo mzee hataishi siku zote, na hatukumwandika hata yeye mpaka wiki iliyopita.

Wa pili wanasema jambo zito zaidi, na walitufanya tubadilishe mpango wetu. Wanasema: mkiandika mahali nyama anapokaa, mnamwonyesha mwindaji njia. Hapo mwanzo tulitaka kubisha, lakini wana haki. Chukueni kasuku. Maniema inajulikana mbali juu ya kasuku walioshikwa kwa gundi na kusafirishwa, na tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umekataza biashara ya nchi kwa nchi ya kasuku wa pori. Mtu akisoma katika Album "mti fulani, kijiji fulani, kasuku wanalala hapa jioni", atashukuru sana na atakuja na gundi. Telefone nyingine zinaandika zenyewe mahali foto ilipopigwa, hata mpigaji asijue, na ukiituma kwa rafiki umemtumia na njia. Kwa hiyo tunasema: kwa tembo, sokwe, kasuku na wengine wanaolindwa, Album iandike jina la territoire tu. Mahali kamili pakae katika kaye ya mwalimu wa biolojia, ndani ya kabati lenye ufunguo. Sheria ya nchi nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda nyama hao, lakini sheria haikai mtini kuwalinda kasuku usiku.

Na tena, tusipige foto za nyama wachanga waliofungwa kamba ili tuchekeshe wenzetu. Wengine watauliza: na lesula wa Opala, si alikuwa amefugwa? Ndiyo. Na soko mdogo wa Kabambare pia. Jambo hili limetusumbua, na hatuna jibu safi. Tunachokubaliana ni hiki: ukimkuta amefungwa, mpige foto na uandike ulimkuta wapi, umpe mwalimu. Lakini usimlipe mwenye kamba, maana ukilipa foto leo, kesho atakutafutia mwingine, na kwa kumpata ataua mama yake.

Wa tatu ni wale wa sheria za shule: telefone zimekatazwa. Bwana Prefe, hatuombi sheria hiyo iondolewe (wako wanaoomba, lakini hawako katika kundi letu, ao wako na wanyamaze). Tunaomba telefone moja tu, ya zamani isiyo na laini, ikae katika ofisi na itolewe Jumamosi nyuma ya saa nane, mkononi mwa mwalimu anayeongoza. Jumatatu foto zihamishiwe katika mashine ya ofisi. Kila mwezi foto 4 zilizo bora zikachapwe kwa mpiga picha wa mjini, zibandikwe. Tuko tayari kulima shamba la karanga nyuma ya jiko ili kulipia hizo 4. Kama mwezi fulani pesa imekosa, zibandikwe 2. Hatutaki mwanzo wa makelele na mwisho wa kimya, tumeuona katika vikundi vingi vya shule hii.

Na kanuni ya kwanza iandikwe ndani ya jalada: foto isiyo na jina, mahali na tarehe haibandikwi, hata iwe nzuri namna gani, hata aliyeipiga awe mtoto wa nani. Kama jina halijulikani, iandikwe "hatujui" na siku ya kuuliza. "Hatujui" ni maandiko pia, ni bora kuliko "ndege".

Mtu atauliza kwa nini tusitie foto hizo katika jarida hili. Tulijaribu. Mashine yetu ya kurudufu haipendi foto. Yule kiboko wa Lualaba alitoka kama wingu la mvua, na msomaji mmoja alitupongeza kwa ramani. Lakini mwenzetu wa darasa la chini ana mkono mzuri, amechora kwa mistari mitupu kima wa ukurasa wa 12 juu ya stensili, na mnamwona chini ya ukurasa huu. Kila toleo linaweza kubeba mchoro mmoja.

Sisi tutafanya Egzamen d'Etat na tutakwenda. Wawili kati yetu ndio tu wamezisoma kurasa zote, na wiki hizi wanazikausha moja moja karibu na dirisha, si juani. Tunahitaji watu 5 wa madarasa ya chini, wenye mwandiko unaosomeka. Wapiga foto tutawapata bila shida. Waandikaji ndio kazi.

Kisha iko foto ya 41. Ni ndege amesimama juu ya jiwe majini, shingo ndefu, kifua chenye doa jeupe, na nyuma yake mlima unaoonekana kidogo. Hakuna neno. Mzee mvuvi alimtazama sana akasema kwetu Lualaba hayuko, labda Luama. Watoto wa Kabambare, jiwe lile na mlima ule pengine mnavijua. Foto iko mezani katika chumba cha biolojia mpaka Ijumaa, na karibu yake kuna kaye na kalamu iliyofungwa uzi.